Fika Mapema, Chelewa Kuondoka: Maswali Yenu Kuhusu Vikundi vya Kuacha Pombe

Barua za mwezi huu zinazunguka mlango mmoja, ule wa chumba ambamo watu wanaotaka kuacha pombe hukutana. Wapo wasiojua ulipo, wapo wanaoujua ila miguu inakataa kuingia, na wapo walioingia mara moja wakaapa kutorudi. Tumechagua barua kumi. Majina yote tumeyaficha, hata ya waliosema hawajali.

Naacha Jumatatu, mkutano ni Ijumaa

*Ndugu wahariri, nakunywa pombe kali kila siku, mwaka wa kumi na moja sasa. Asubuhi mikono inatetemeka, nikishazimua ndipo naweza kushika kikombe. Nimepata kikundi, kinakutana Ijumaa. Nimepanga niache kabisa Jumatatu ili niingie mle ndani nikiwa msafi. Mna ushauri gani kwa hizo siku nne?*

Usifanye hivyo, ndugu yetu. Barua yako tumeitanguliza kwa sababu hiyo. Mikono inayotulia baada ya kuzimua ni ishara kwamba mwili wako haupaswi kukatiwa pombe ghafla bila msaada wa kitabibu. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku huongeza kasi ili kushindana na pombe inayoupumbaza. Pombe ikikatika, kasi inabaki na breki imeondoka.

Arosto ya pombe huanza kati ya masaa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, usingizi kupotea. Degedege, kwa wale linaowapata, mara nyingi huja ndani ya masaa 48 ya mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, moyo hukimbia na homa hupanda, na hali hiyo isipotibiwa inaua. Sasa hesabu mwenyewe: ukiacha Jumatatu, hatari inakukuta Jumanne hadi Ijumaa asubuhi, ukiwa peke yako, na mkutano hujauona.

Nenda hospitali kwanza. Mwambie daktari kiasi halisi: chupa ngapi kwa siku na za ukubwa gani, ulikunywa mwisho lini, kama uliwahi kuanguka degedege ulipojaribu kuacha, na dawa nyingine unazomeza. Watu wengi wakifika mbele ya daktari hukata kiasi nusu kwa aibu. Dawa ya kutuliza hupangwa kwa kufuata maelezo hayo, kwa hiyo mwenye kuficha ndiye atakayetetemeka usiku. Kwa kawaida dawa hiyo hupunguzwa siku hadi siku kwa muda wa wiki moja hivi, na pamoja nayo hutolewa vitamini B1, yaani thiamini, ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa nayo. Upungufu wake ukiwa mkubwa unaweza kuharibu kumbukumbu isirudi. Mpaka umwone daktari, usikate ghafla.

Na hiyo Ijumaa nenda hata kama bado hujaacha. AA, yaani Alcoholics Anonymous, mtandao wa vikundi vya kuacha pombe, ina sharti moja tu la uanachama: nia ya kuacha kunywa. Hakuna anayekunusa mlangoni. Ukiwa umekunywa siku hiyo, kaa usikilize, mazungumzo yako yaweke baada ya kikao.

Je, shida yangu inatosha?

*Sijawahi kukosa kazini, wala sinywi asubuhi. Lakini kila jioni nasema glasi mbili, na chupa inaisha. Naogopa kwenda kukalia kiti cha mtu mwenye shida ya kweli.*

Dada, viti vipo vya kutosha. Ukitaka kipimo, omba kituo chochote cha afya kikupe dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10 na alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji tayari ni wa hatari, na kuanzia 20 huenda mwili umeshaanza kuitegemea pombe. Ila kile ulichokiandika, kwamba unasema mbili na chupa inaisha, ndicho watu huzungumza kwenye vyumba hivyo jioni baada ya jioni. Nenda kwenye kikao cha wazi, yaani kile ambacho yeyote anaruhusiwa kuingia, usikilize. Hutasaini kitu.

Nianzie wapi kutafuta?

*Nimeamua. Sijui tu vikundi hivi vinapatikana wapi, na sitaki kuulizauliza mtaani.*

Kwanza ujue unatafuta nini, maana vikundi si vya aina moja.

AA ndiyo kubwa kuliko vyote, ipo katika nchi zipatazo 180. Ilianza 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa hajanywa kwa miezi michache tu, alipojikuta ugenini, biashara imekwama na baa iko hatua chache. Akapiga simu huku na huku kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Hakwenda kumhubiria. Alikwenda kwa kuwa yeye mwenyewe alihitaji mazungumzo hayo ili asinywe. Kumbuka hilo siku utakapojiuliza kwa nini mtu usiyemjua anakupa namba yake ya simu: kukusaidia wewe ndiyo kinga yake.

SMART Recovery, iliyoanza 1994, haitumii Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kujirekebisha hatua kwa hatua, wala masuala ya kiroho. Inaendeshwa na mwezeshaji aliyepata mafunzo, na watu hufanyia kazi mambo manne: kujenga hamasa, kukabili hamu, kusimamia mawazo na hisia, na kujenga maisha yenye mizani. Women for Sobriety, iliyoanzishwa 1975 na Jean Kirkpatrick, ni ya wanawake. Blue Cross, iliyozaliwa Uswisi mwaka 1877, ina mizizi ya Kikristo. Vipo pia vikundi vinavyoanzishwa na hospitali na nyumba za kurekebisha waraibu, ambavyo havina jina lolote kubwa na vinafanya kazi vizuri.

Njia za kuvipata, kwa mpangilio tunaoupendelea: fungua tovuti rasmi ya AA ya nchi yako, au ile ya kimataifa, utafute namba ya simu. Namba hizo mara nyingi hupokelewa na wanachama wenyewe. Ipo pia programu ya simu iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha vikao vilivyo karibu pale ambapo vikundi vya eneo vimejisajili humo. Usipopata kitu, nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ukaonane na afisa ustawi wa jamii. Watu hawa huwa na orodha ambayo haimo kwenye intaneti. Mwisho kabisa ni vikao vya mtandaoni, ambavyo vipo saa zote, kwa lugha nyingi.

Tatizo kubwa la orodha ni kuchakaa. Kikundi kinahama chumba, kinabadili siku, au kinakufa, na tangazo linabaki miaka. Mtu anajikaza wiki nzima, anafika, anakuta kufuli. Tunaona hilo limewarudisha wengi kwenye chupa kuliko kikao chochote kibaya. Kwa hiyo piga simu siku moja kabla, na uulize haya: Bado mnakutana, na saa ngapi hasa? Mlango ni upi? (Vikao vingi hufanyika kwenye vyumba vya ziada vya shule, zahanati au nyumba za ibada, na nje huenda kukawa na kikaratasi chenye herufi AA na mshale, basi.) Kikao ni cha wazi, au ni cha wenye shida ya pombe peke yao? Kinaendeshwa kwa lugha gani? Nani atakuwepo robo saa kabla ya kuanza?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Mtu anayekusubiri mlangoni hupunguza uwezekano wa wewe kupita ukijifanya unaelekea kwingine.

Tafuta vikundi vitatu tangu mwanzo, usitafute kimoja. Andika siku, saa na mlango wa kila kimoja. Kimoja kikiwa kimefungwa au hakikukufaa, cha pili kiwe tayari mfukoni.

Nilikwenda mara moja, sirudi

*Nilichelewa kidogo, nikakaa karibu na mlango. Watu walijitambulisha, wakasoma soma, wakapokezana kueleza habari zao. Hakuna aliyejibu mwenzake. Kapu likapita, nikaona kumbe ni pesa. Kilipofungwa nikatoka haraka. Sikuongea na mtu na hakuna aliyeongea na mimi. Hivi mazungumzo tu yananisaidiaje?*

Ndugu yetu, umeeleza vizuri sana kikao cha kawaida, na umeeleza pia jinsi ya kukikosa.

Tuanze na ulichokiona. Kikao huchukua saa moja au saa moja na nusu. Hufunguliwa kwa usomaji mfupi wa Hatua 12 au sehemu yake. Watu hutaja jina la kwanza tu, na wengi huongeza "mimi ni mlevi". Wewe hulazimiki. Unaweza kusema, "Naitwa fulani, leo nasikiliza tu," na zamu itapita bila mtu kukunja uso. Kila mzungumzaji huchukua dakika tatu hadi tano. Kutojibizana ni kanuni ya makusudi: mtu anayejua hatakatizwa wala kupewa ushauri papo hapo hufika kwenye ukweli wake mapema zaidi. Ukimya ule uliouona kama ubaridi ulikuwa heshima. Kama unataka watu wajibizane, kwenye SMART Recovery jambo hilo linaruhusiwa.

Kapu ni la kodi ya chumba na chai. Vikundi vya AA hujitegemea na havipokei michango ya nje. Mgeni akipitisha kapu bila kutia kitu, hajavunja desturi yoyote. Vikundi vingi hutoa pia visarafu vya kuhesabia muda: cha masaa 24 ya kwanza, cha siku 30, 60, 90, na kuendelea. Mwangalie mtu anayepokea kile cha masaa 24. Anatembea hatua tano mbele ya watu wanaompigia makofi, kisarafu cha bei ya chini kimo kiganjani, na kidole gumba kinakisugua mpaka mwisho wa kikao.

Lakini kile kinachoshika watu hakimo ndani ya saa ile moja. Kipo kwenye dakika 15 kabla na dakika 15 baada, na hizo zote mbili umezikosa. Kabla ya kikao kuna viti vya kupanga na vikombe vya kutoa kabatini. Shika kiti. Mtu mwenye kazi mikononi hahitaji kutafuta la kusema, na wenyeji humkumbuka. Kaa safu ya pili au ya tatu, si karibu na mlango, maana mlango ukiwa begani wazo la kutoka nalo lipo begani. Kikao kikifungwa, usikimbie. Sema sentensi moja: "Hii ni mara yangu ya kwanza." Inatosha, watakuja wenyewe.

Usiondoke bila namba za simu tatu za watu wa jinsia yako, walioacha muda mrefu kidogo. Kesho yake mpigie mmoja wao wakati huna shida yoyote. Watu husubiri mpaka hamu iwabane ndipo wapige, na mtu ambaye hajawahi kupiga akiwa salama hatapiga akiwa taabani. Hamu yenyewe hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Simu ya dakika 20 inaivusha sehemu kubwa ya mlima huo.

Ulichouliza kuhusu mazungumzo tu kimechunguzwa. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yaligundua kwamba programu zenye utaratibu maalumu za kuwaunganisha watu na AA zilizidi tiba nyingine zilizozoeleka, kama ile ya kubadili fikra na tabia, katika kuwawezesha watu kukaa bila kunywa kabisa. Katika vipimo vingine zilikuwa sawa nazo. Neno la kuzingatia ni kuwaunganisha. Watu wale hawakutupiwa anwani wakaachwa.

Kwa hiyo rudi. Hudhuria vikao sita kabla ya kuamua, na viwe vya vikundi angalau viwili, kwa kuwa vikundi hutofautiana kama familia. Wakongwe huwaambia wapya wahudhurie vikao 90 kwa siku 90. Ukiweza, vizuri. Usipoweza, vitatu kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo ni mpango tunaouamini, mradi siku zisizo na kikao ziwe na simu.

Nikimkuta bosi wangu humo?

*Kazi yangu ni ya kuaminiwa. Nikimkuta mkubwa wangu au jirani humo ndani, si nimekwisha?*

Naye atakuwa amekukuta. Aliyeko humo ndani yuko kwa shida ileile. Anayeonekana na yanayosemwa hubaki chumbani, na katika AA hakuna rejista ya mahudhurio. Hata hivyo hii ni ahadi ya wanadamu, haina nguvu ya siri ya daktari kisheria. Kama una jambo linaloweza kukupeleka mahakamani, usiliseme kwenye kikao cha watu ishirini. Mpelekee wakili au mshauri nasaha. Kwenye vikao vya mtandaoni badilisha jina linaloonekana kabla ya kuingia, vaa vipokea sauti, na ufunge mlango, kwa sababu anayesikia si lazima awe kwenye skrini.

Mimi si wa dini yao

*Nimesikia wanamtaja Mungu kila hatua. Mimi nina dini yangu, na rafiki yangu niliyetaka kwenda naye haamini kabisa.*

AA ilizaliwa katika mazingira ya Kikristo na lugha ya Hatua zake inaonyesha hivyo. Si haki kumficha mtu jambo hilo. Lakini maneno yaliyotumika ni "nguvu iliyo kuu kuliko sisi" na "Mungu kama tulivyomfahamu", na watu wa dini mbalimbali huyajaza kwa imani zao. Asiyeamini mara nyingi hukichukua kikundi chenyewe kuwa ndiyo nguvu hiyo. Kikao kikifungwa kwa sala isiyo yako, simama kimya. Rafiki yako aulize kama kuna kikao cha AA cha wasioamini, au aende SMART Recovery. Si lazima muende pamoja kwenye kikundi kimoja, mnaweza kusindikizana mpaka mlangoni kila mmoja kwake.

Wameniambia nitupe dawa

*Daktari amenipa naltrexone. Mwanachama mmoja kaniambia nikimeza kitu sijaacha kweli, nimebadilisha chupa tu.*

Amekosea, na kosa lake ni kubwa. Msimamo wa AA yenyewe ni kwamba mwanachama yeyote asijifanye daktari wa mwenzake. Naltrexone hupunguza ladha ya raha ambayo ubongo hupata kwenye pombe, acamprosate hutumika kumsaidia aliyekwisha kuacha asirudi, na disulfiram humfanya anayekunywa juu yake augue vibaya, hata mpaka wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Hakuna kati ya hizi inayolewesha. Wapo waliotupa dawa za sonona au za kifafa kwa maneno kama hayo, na zipo dawa ambazo kuzikata ghafla huleta degedege. Mjibu kwa upole, "Hilo nimelipanga na daktari wangu," kisha ubadilishe mazungumzo. Akirudia, mweleze mwenyekiti wa kikao. Na ukitibiwa popote, taja kwamba unatumia naltrexone, kwa kuwa huzuia kazi ya dawa za maumivu za jamii ya mofini.

Mume wangu hataki

*Namwomba mume wangu aende, hataki. Nimefikiria nimpeleke kwa kumdanganya kwamba tunaenda kwingine. Nifanyeje, jamani?*

Pole sana, mama. Usimdanganye. Atafika mara moja, na mlango huo atauchukia miaka. Kuna mambo mawili unayoweza kuyafanya bila ridhaa yake. La kwanza ni kuhudhuria kikao cha wazi wewe mwenyewe usikie watu wa aina yake wanavyoongea. La pili ni kwenda Al-Anon, vikundi vya ndugu na wenza wa walevi vilivyoanza 1951, na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa yule Bill Wilson. Kama mna watoto waliofikia ujana, wana chao, Alateen, tangu 1957. Huko utasaidiwa kutenganisha kazi yako na yake: kumpigia simu mwajiri ukisema anaumwa, kulipa deni la baa, kumsafisha asubuhi. Kila unapofunika, yeye haoni alichokimwaga.

Ukizungumza naye, chagua asubuhi akiwa hajalewa, taja tukio moja la juzi lenye saa na mahali, halafu mwambie, "Kuna kikao Jumatano, nitakusindikiza." Muombe aende mara moja tu. Na kama anakupiga, usalama wako na wa watoto unatangulia habari zote za vikao. Tafuta msaada wa hilo leo.

Miezi saba, kisha nikateleza

*Nilikuwa na miezi saba. Nilikunywa siku nne mfululizo. Mdhamini wangu ananipigia, sipokei. Nitarudije kusema nina siku moja?*

Pokea simu yake kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mdhamini ni mwanachama mkongwe aliyekubali kukushika mkono katika Hatua, na karibu wote wamewahi kupokea simu ya namna hii. Wengine waliwahi kuipiga wao.

Kuna mambo mawili ya mwili kwanza. Baada ya miezi saba uvumilivu wako wa pombe umeshuka, kiasi ulichokimudu zamani sasa kinaweza kukuangusha. Na kila arosto mpya inaweza kuwa kali kuliko iliyopita, kwa hiyo kama mikono imeanza kutetemeka, au uliwahi kupata degedege, nenda hospitali kabla ya kikao.

Kisha rudi kwenye kikundi kilekile, usikimbilie kipya ambako hawakujui. Fika mapema, mtafute mtu mmoja, umwambie kabla kikao hakijaanza, ili ukifika wakati wa kusema mbele ya wote liwe limeshatamkwa mara moja. Visarafu vinahesabu upya, na tunajua inavyouma. Lakini miezi saba ya asubuhi ulizoamka bila pombe imekufundisha mambo ambayo siku nne hazikufuta. Kaa na mdhamini muandike masaa 48 kabla ya kile kinywaji cha kwanza: ulikula nini, ulilala saa ngapi, uligombana na nani, kikao cha mwisho kilikuwa lini. Wakongwe hutafuta mambo manne, njaa, hasira, upweke na uchovu, na mara nyingi hukuta mawili au zaidi pamoja. Kingine wanachokikuta ni kwamba simu zilikatika wiki kadhaa kabla chupa haijafunguliwa.

Kuna anayenisumbua, na huku kwetu hakuna kikundi kingine

*Mimi ni msichana, nina wiki tatu bila pombe. Mzee mmoja wa kikundi anajitolea kunidhamini, anataka tuonane kwake, na ameanza kuniomba mkopo. Kikundi kingine kiko mbali sana.*

Binti yetu, mdhamini anayefaa ni wa jinsia yako, au mtu ambaye hakuna uwezekano wa mapenzi kati yenu. Mnaonana mahali pa watu, na pesa haipiti kati yenu, kwenda wala kurudi. Huyo mzee amevunja yote matatu. Anayewinda wapya anajulikana kwenye vyumba hivi duniani kote, na kulinyamazia jambo hilo si sehemu ya usiri. Mwambie mwanamke mkongwe wa kikundi, na mwenyekiti. Wakipuuza, ondoka hapo, shikilia vikao vya mtandaoni vya wanawake, na fikiria kuanzisha kikao.

Si kazi kubwa kama inavyosikika. Watu wawili wanatosha. Chagueni siku na saa moja msiyoibadilisha hata mkiwa wawili tu mwezi mzima, kwa sababu kikao kinachohama hama hakimpati mgeni. Ombeni chumba chenye mlango unaofungika na choo karibu, mlipe kodi hata kama ni kidogo, ili msiwe na deni la fadhila kwa mwenye chumba. Kabla hamjatangaza, andikisheni kikundi kwa ofisi ya AA ya nchi yenu ili kiingie kwenye orodha. Watawapa pia muundo wa kuendeshea kikao. Gawaneni kazi tatu: mwenye ufunguo, mwenye chai, mwenye kupokea simu. Mzibadilishe kila baada ya miezi sita, maana kikundi kinachoshikwa na mtu mmoja hugeuka mali yake, na hapo ndipo wazee kama huyo wako hupata nafasi. Wewe mwenye wiki tatu usichukue ufunguo bado. Chukua chai. Aliye na chai lazima afike mapema, na huwa wa mwisho kuondoka kwa kuwa vikombe ni vya kuosha.